SOMO LA MASHINI: KICHWA CHA INJINI NA VALI ZAKE



Mwezi huu somo letu si la mahindi wala la ng'ombe wa maziwa. Ni la injini ile ya dizeli inayozungusha kinu cha posho, au inayovuta maji kutoka mtoni, katika skimu yenu. Injini hiyo pengine ni mali ya chama cha ushirika, pengine ni yako wewe na jirani zako wawili watatu. Vyovyote iwavyo, siku inaposimama, akina mama hubeba mahindi kichwani kwenda kinu cha mbali, na mboga hukauka shambani hali mto umejaa maji.

Injini ikianza kukosa nguvu, watu wengi husema, "Imezeeka, tununue nyingine." Kisha kamati hukutana, karatasi za mkopo huandikwa, na deni la miaka huanza. Lakini mara nyingi injini hiyo haijazeeka. Inavuja pumzi tu, na mahali inapovujia ni kwenye vali zake. Kazi ya kuitengeneza ni ya siku moja au mbili, na gharama yake ni gasketi moja, dawa ya kusagia vali, mafuta ya taa, na pengine vali moja mpya. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo, yafaa mfungue kichwa cha injini mkaangalie ndani.

Katika somo hili tutachukua mfano wa injini ya silinda moja, yenye kupozwa kwa maji, izungukayo polepole. Injini za Lister zilizotengenezwa Dursley, huko Uingereza, ni za namna hii, na nyingi za mfano huo huo zimetengenezwa India. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Ukiielewa hiyo, na injini nyingine hazitakushinda, ila vipimo vyake utavipata katika kitabu cha injini yenyewe.

1. KAZI YA KICHWA NA VALI

Kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita hedi, ni kifuniko kizito cha chuma kinachofunika silinda. Ndani yake mna vali mbili. Moja huingiza hewa safi, na ya pili hutoa moshi. Kila vali ina umbo kama la uyoga: kichwa kipana na shina jembamba refu. Ukingo wa kichwa chake hukalia kiti cha chuma kilichochongwa ndani ya hedi. Springi huivuta vali ikae kitini. Roka, yaani mkono mdogo wa chuma ulio juu, huisukuma ifunguke.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake hutokana na hewa kubanwa. Pistoni inapopanda huku vali zote mbili zimefungwa, hewa hubanwa ikawa moto sana, na dizeli inaporushwa ndani hushika moto yenyewe. Basi vali ikiacha upenyo hata mdogo kama unywele, hewa huponyoka, joto hupungua, na dizeli haiungui barabara. Ndiyo sababu injini hukataa kuwaka asubuhi ya baridi, hutoa moshi mwingi, na hulemewa na mzigo ulio mwepesi.

Tufanye hesabu kidogo. Vali hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 650 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 325 kwa dakika, yaani mara 19,500 kwa saa. Kinu kikisaga saa 6 kwa siku, vali imepiga kiti chake mara 117,000 siku hiyo moja. Kitu kinachofanya kazi hivyo hapana budi kiangaliwe.

2. JARIBU KABLA YA KUFUNGUA

Usifungue hedi kwa kubahatisha. Kwanza funga mafuta ya dizeli, ondoa ukanda wa kinu, na hakikisha injini imepoa. Mtu mwenye nguo zinazoning'inia asikaribie.

Sasa zungusha gurudumu kubwa kwa mkono, polepole, huku kile kiwiko cha kupunguza mbano kimeachiliwa. Pistoni inapopanda kubana hewa, injini nzima hukataa na kurudi nyuma kama mpira. Ile mbovu hupita kwa ulegevu, nawe husikia sauti ya hewa ikitoroka. Mtu mmoja azungushe, wa pili asikilize, naye asiweke kichwa karibu na gurudumu.

Ikiwa sauti yatoka kwenye kisafisha hewa, vali ya kuingiza hewa inavuja.

Ikiwa yatoka kwenye bomba la moshi, vali ya moshi inavuja.

Ikiwa yasikika chini, kwenye tundu la kujazia oili au la kupumulia, ringi za pistoni zimechakaa, na kusaga vali peke yake hakutaponya ugonjwa huo.

Ikiwa mapovu yanatokea ndani ya maji ya kupozea, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka.

Angalia pia kama kiwiko cha kupunguza mbano kimeachilia vali kabisa. Kikiwa kimeinama, kitaishikilia vali wazi, nawe utafungua hedi bure.

3. UKIMYA UNAOUA VALI

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo vali nyingi zinapopotelea.

Kati ya roka na ncha ya shina la vali pana nafasi ndogo, nayo huitwa nafasi ya tapeti. Nafasi hiyo ndiyo huleta ile sauti ya tik-tik-tik. Wako watu wasioipenda sauti hiyo. Huchukua spana wakaikaza tapeti mpaka injini ikawa kimya, kisha husifiwa kwa ufundi wao. Kumbe wameiua vali.

Sababu yake ni hii. Chuma kikipata moto hurefuka. Shina la vali ya moshi hupata moto mkali kuliko sehemu nyingine nyingi za injini. Kama halikuachiwa nafasi ya kurefukia, ncha yake hugonga roka kabla vali haijakaa kitini, na vali hubaki wazi kidogo. Tena, vali hupata nafuu ya joto pale inapokalia kiti, kwa kuwa joto hupita kutoka vali kwenda kitini, na kutoka kitini kwenda kwenye maji. Vali isiyokaa haipoi. Moto wa silinda hupenya katika ule upenyo, huula ukingo wa vali, na katika muda mfupi ukingo huo hupata pengo kama jino lililooza.

Jambo lingine: vali na kiti chake vinapolika, vali huzama zaidi ndani ya hedi, na shina lake hupanda juu. Hivyo nafasi ya tapeti hupungua yenyewe, bila mtu kuigusa. Kwa hiyo injini iliyokuwa na sauti jana na leo ni kimya, usiishangilie. Ipime. Sauti ndogo ya tapeti yaonyesha kwamba nafasi ipo. Sauti kubwa nayo si nzuri, maana nafasi imezidi, vali haifunguki vya kutosha, na vyuma vinagongana. Kipimo cha kitabu ndicho cha kufuata, wala si sikio.

4. KUFUNGUA

Tandaza gunia safi au karatasi mezani, na uweke kila kitu kwa mpangilio wa kutoka kwake. Futa vumbi lote juu ya injini kabla hujagusa nati hata moja, maana unga na mchanga vikiingia kwenye silinda vitakula kazi yako yote.

Mwaga maji. Ondoa bomba la hewa, bomba la moshi, na mabomba ya dizeli. Ncha za mabomba ya dizeli uzifunge kwa kitambaa safi. Legeza tapeti, toa roka na zile fimbo za kusukumia, na utie alama kuonyesha ipi ni ya vali gani. Nati za hedi uzilegeze kidogo kidogo kwa kuvukana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Ukilegeza upande mmoja wote, hedi huweza kupinda. Ikiwa hedi imeshikana, ipige taratibu kwa nyundo ya mti. Usiichokoe kwa tindo wala bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja kwenye uso wake ni njia ya moshi.

Kutoa vali, bana springi kwa chombo chake, kisha toa vile vipande viwili vidogo vinavyofungia shina. Usiinamishe uso juu ya springi. Ikiponyoka hurusha chuma kwa nguvu, na jicho halina spea.

5. KUKAGUA

Osha vyote kwa mafuta ya taa. Masizi yaondoe kwa brashi ya waya na kijiti kigumu. Kisha angalia mambo haya, kimoja kimoja.

Uso wa hedi. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe. Jaribu kupitisha fila nyembamba chini yake, yaani kile kipande cha chuma cha kupimia nafasi. Fila ya milimita 0.1 ikipita, peleka hedi kwa fundi mwenye mashini ya kusawazisha. Vitabu vingine hudai usawa zaidi ya huo.

Nyufa. Mahali pa kutazama sana ni kati ya viti viwili vya vali. Ikiwa huna hakika, paka mafuta ya taa, acha kidogo, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka tena na kuchora mstari juu ya chaki. Ufa wa namna hii mara nyingi huletwa na mtu aliyemwaga maji baridi ndani ya injini iliyochemka.

Vali. Tupa vali iliyopinda, iliyopasuka, iliyoungua ukingo, au ambayo ukingo wake umekuwa mwembamba kama makali ya kisu. Ukingo mwembamba hushika moto mkali na kumeguka. Kipande kikianguka juu ya pistoni, hedi na pistoni vyote huvunjika. Hapo ndipo deni kubwa linapoanzia.

Shina na tundu lake. Ingiza vali mahali pake, iinue kidogo, na uitikise huku na huku. Ikicheza sana, oili hupita hapo na kuungua, na vali haitakaa kitini sawasawa. Kubadili bomba linaloongoza shina ni kazi ya fundi.

Springi. Isimamishe kando ya springi mpya. Ikiwa ni fupi, au imeegemea upande, badili. Springi chovu huchelewa kufunga vali.

Roka na fimbo. Tazama sehemu ya roka inayogusa shina. Ikiwa imelika ikafanya shimo, fila italala juu ya shimo hilo na kukudanganya. Fimbo za kusukumia ziviringishe juu ya kioo. Iliyopinda itaruka-ruka.

6. KUSAGA VALI

Vali na kiti ambavyo vina madoa madogo tu huweza kusagwa kwa mkono. Paka dawa ya kusagia, kidogo kabisa, kwenye ukingo wa vali. Anza na ile ya chembe nene ikiwa madoa ni mengi, na umalize na ile laini. Dawa isiingie kwenye tundu la shina, maana itaendelea kusaga mpaka ilimalize.

Shika vali kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, na uizungushe nusu mzunguko kwenda na kurudi, kama mtu anayepekecha moto kwa vijiti. Baada ya kupekecha mara chache, inua vali, igeuze kidogo, uendelee. Usipoinua na kugeuza utachimba mifereji. Acha kusaga unapoona pete moja ya rangi ya kijivu, isiyong'aa, imezunguka vali yote na kiti chote bila kukatika. Kwa injini nyingi ndogo pete hiyo huwa na upana wa milimita 1.5 hadi 2. Ikiwa nyembamba mno, kiti kitalika upesi. Ikiwa pana mno, masizi hukwama na vali haikai.

Mashimo makubwa usiyasage kwa mkono siku nzima. Utaimaliza vali nzima kabla ya kuliondoa shimo. Mpelekee fundi akate kiti kwa kifaa chake. Kadhalika injini nyingine za siku hizi vali zake zimepakwa madini magumu usoni, nazo hazitakiwi kusagwa. Kitabu chake kitasema.

Sasa jaribu kazi yako. Osha vyote, chora mistari ya penseli kuuzunguka ukingo wa vali, iweke kitini, ibonyeze, na uigeuze robo mzunguko. Kila mstari uwe umefutika mahali pamoja. Kisha funga vali na springi zake, geuza hedi, na umimine mafuta ya taa katika tundu la hewa na tundu la moshi. Ngoja dakika tano. Ukiona hata tone likipenya kwenye vali, rudia kazi. Afadhali tone hilo ulione mezani leo kuliko kulipa hasara ya kinu kusimama siku ya mahindi mengi.

7. KUFUNGA NA KUPIMA NAFASI

Osha tena, mara ya mwisho, mpaka kitambaa cheupe kisichafuke. Pakaza oili safi kwenye mashina. Tumia gasketi mpya, yenye unene ule ule wa ya zamani. Usitie gasketi mbili, wala usikate gasketi ya karatasi ya boksi. Katika injini ya dizeli pistoni hupanda karibu sana na hedi. Gasketi ikiwa nyembamba, pistoni itagonga. Ikiwa nene, mbano utapungua, nawe umerudi pale pale ulipoanza.

Kaza nati kwa kuvukana, kwa awamu tatu: kwanza kidogo, kisha nusu, kisha mpaka kipimo cha kitabu, kwa spana yenye kipimo. Kama chama hakina spana hiyo, iazimeni. Nguvu ya mkono wa kijana si kipimo.

Ndipo upime tapeti, injini ikiwa baridi, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Zungusha gurudumu upande linakozungukia siku zote. Tazama vali ya hewa ikifunguka, kisha ikifunga. Endelea mpaka pistoni ifike juu kabisa, alama ya gurudumu ikiwa mahali pake. Sasa vali zote mbili zimefungwa. Ingiza fila ya unene ulioandikwa kati ya roka na shina. Ipite kwa kushikwa kidogo, kama karatasi unayoivuta kutoka katikati ya kitabu kilichofungwa. Kaza nati ya kufungia, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza nati huweza kuhamisha kipimo.

Tia maji, tia oili, washa injini bila mzigo, na uiache ipate moto. Isimamishe, iache ipoe. Ikiwa kitabu chataka nati za hedi zikazwe mara ya pili, zikaze, kisha upime tapeti upya, maana hedi ikishuka, nafasi hupungua.

8. KUZUIA NI RAHISI

Kinu cha posho hutoa vumbi la unga siku nzima, na injini hulivuta. Safisha kisafisha hewa mara kwa mara, na ubadili oili yake inapokuwa nzito kama uji. Usiipakie injini mpaka itoe moshi mweusi. Wala usiiache izunguke bure saa nyingi bila mzigo, kwani hujaza masizi kwenye vali. Maji yakipungua injini ikachemka, isimamishe na uingoje ipoe kabla ya kuongeza maji.

Tena wekeni daftari. Mwenye kinu aandike kila siku saa ambazo injini imefanya kazi, tarehe ya kupima tapeti, na nafasi aliyoikuta kabla ya kuirekebisha. Mkiona nafasi ya vali ya moshi inapungua kila mnapopima, mjue vali inazama, nanyi mna wakati wa kununua spea na kuchagua siku ya kazi, kabla ya mavuno au kabla ya kiangazi. Asiye na daftari huchaguliwa siku hiyo na injini yenyewe, nayo kwa kawaida huchagua siku mbaya.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Yasomeni pamoja katika mkutano wa chama, na yule anayeiendesha injini ajibu wa kwanza.

1. Injini inavuja pumzi, na sauti yasikika kwenye bomba la moshi. Ni vali ipi yenye ugonjwa?

2. Kwa nini vali isiyokaa kitini barabara huungua?

3. Injini ya kinu chenu ilikuwa na sauti ya tapeti mwezi uliopita, na sasa ni kimya. Utafanya nini kabla ya kuiwasha kesho?

4. Fila inapita sawa, lakini roka ina shimo. Je, nafasi ya kweli ni kubwa au ni ndogo kuliko fila?

5. Katika daftari la kinu chenu, tapeti zilipimwa mara ya mwisho tarehe gani?

Swali la tano halina jibu katika somo hili. Jibu lake liko kwenu, na kama halipo, kazi ya kesho asubuhi mmekwisha ijua.